Maswali ya Wasomaji: Makombe ya Nyumbani na Watani Wanaoyagombea

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu mwezi huu zimehusu makombe: ya nchi, ya klabu kubwa, na yale ya mtaani ambayo hayatangazwi redioni lakini yanaweza kuwakosesha usingizi watu wa vitongoji viwili kwa wiki nzima. Tumechagua sita, tukazifupisha bila kubadili hoja zake, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa kuwa baadhi yao wanawazungumzia majirani wanaoonana nao kila siku.

Swali: Marehemu babu yangu, aliyecheza kandanda katika miaka ya 1940, alikuwa akilitaja mara kwa mara Kombe la Gossage. Vijana wa kijiweni kwetu wananibishia kwamba kombe hilo halikuwahi kuwapo, na kwamba babu alikuwa akichanganya na Kombe la Chalenji. Nani ana haki? *Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Jibu: Babu yako alikuwa sahihi, ingawa vijana wa kijiweni nao hawako mbali sana na ukweli, kwa sababu Kombe la Chalenji limetokana na hilo hilo la Gossage.

Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, na jina lake lilitokana na kampuni ya sabuni ya William Gossage, yenye asili ya mji wa Widnes nchini Uingereza, ambayo ndiyo iliyolitoa. Mchezo wa kwanza ulichezwa Nairobi, ukamalizika kwa sare ya bao 1-1, ikabidi urudiwe, na katika marudiano Kenya ikashinda kwa mabao 2-1. Kwa karibu miaka 20 mashindano hayo yalibaki ya nchi hizo mbili, hadi Tanganyika ilipoingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo kama babu yako alicheza miaka ya 1940, alikuwa akizungumzia jambo la zama zake hasa, kwani Tanganyika ililitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951.

Mwaka 1967 jina la Gossage liliondolewa na mashindano yakapanuliwa kuwa ya Afrika Mashariki na Kati, kisha kuanzia mwaka 1973 yakawa chini ya CECAFA, yaani baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati, na hapo ndipo tulipozoea kuyaita Kombe la Chalenji. Tanzania Bara imelitwaa chini ya jina hilo mwaka 1974, 1994 na 2010, na Zanzibar ikalitwaa mwaka 1995 katika ardhi ya Uganda, kwa kuwafunga Waganda wenyewe bao 1-0 katika fainali. Mwaka 2017 Zanzibar nusura ilitwae tena huko Machakos. Ilitoka sare ya 2-2 na wenyeji Kenya, ikashindwa kwa penalti.

Huenda ukajiuliza muuza sabuni alitaka nini katika soka ya watu asiowajua. Alitaka jina lake litajwe, kama vile leo wauza bia, kampuni za simu na mabenki wanavyotaka majina yao yatajwe kila timu zinapoingia uwanjani. Hakuna ubaya katika hilo, lakini wachezaji na watazamaji walikipa kikombe cha biashara kazi ambayo mtoaji hakuikusudia. Tafakari kwamba Tanganyika ya mwaka 1949 haikuwa hata na TANU, ambayo ilizaliwa mwaka 1954, wala haikuwa na wimbo wa taifa wala bunge la wananchi. Hata hivyo walikuwapo vijana kumi na mmoja kutoka miji na makabila mbalimbali wakicheza kwa jina la Tanganyika dhidi ya watu wanaocheza kwa jina la Uganda. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa mojawapo ya nafasi za mwanzo kabisa za mtu wa kawaida kulishangilia jina la nchi yake kwa hiari yake mwenyewe, na inasikitisha kwamba historia hiyo haifundishwi shuleni. Waambie vijana wa kijiweni wamwombe radhi mzee.

Swali: Mimi ni wa Simba na mjomba wangu ni wa Yanga. Yeye anasema klabu hizi zilianza kugombana kwa sababu ya makombe. Mimi nasema uhasama ulikuwapo kwanza, makombe yakaja baadaye. Aidha, anadai Yanga ilikuwa ya wenyeji na Simba ya Waarabu. Tunaomba utuamue. *Msomaji, Ilala, Dar es Salaam*

Jibu: Katika hoja ya kwanza nakuunga mkono wewe, lakini usimkoge mjomba, kwa kuwa hoja yake nayo ina sehemu ya kweli.

Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata, yaani 1936, baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao iliyoitwa Queens, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Eagles, kisha Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Ina maana kwamba mgawanyiko ulitokea ndani ya nyumba moja, baina ya watu waliokuwa wakicheza pamoja na wakijuana kwa majina, tena miongo mitatu kabla ya Ligi ya Taifa kuanza mwaka 1965. Hadi leo makao ya klabu hizo mbili yako ndani ya eneo moja la Kariakoo: ukitoka jengo la Simba katika Mtaa wa Msimbazi unaweza kwenda kwa miguu hadi makao ya Yanga katika makutano ya Mitaa ya Twiga na Jangwani, ukapita maduka ya vitenge na vibanda vya simu, na ukafika kabla jasho halijakutoka vizuri.

Tena mji wetu wa pwani ulizoea kugawanyika mara mbili hata kabla ya mpira. Zamani za ngoma ya beni, katika miji kama Tanga na Dar es Salaam, palikuwa na makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti, yaliyoshindana kwa gwaride, kwa mavazi, kwa vyeo vya kujipa na kwa karamu, na kila kundi lilikuwa na ndugu zake katika miji mingine. Huko Lamu watu wa Mkomani na wa Langoni walikuwa na mashindano yao tangu zamani. Nionavyo mimi, kandanda iliukuta utaratibu huo tayari upo, ikaupa dakika 90 na mwamuzi.

Hapo ndipo mjomba wako anapopata haki yake, kwa kuwa kombe ndilo linaloipa tarehe ile habari ambayo vinginevyo ingebaki maneno ya barazani. Mwaka 1974, kwa mfano, bingwa wa taifa aliamuliwa katika pambano la watani hao kwenye uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na Yanga ikashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata zikakutana Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, kombe ambalo Simba ilikuwa imelitwaa lilipoanzishwa mwaka 1974, na Yanga ikawanyang'anya kwa ushindi wa 2-0. Wazee waliokuwapo wanayasimulia mapambano hayo mawili kana kwamba yamechezwa juzi.

Hata hivyo jaribu jambo hili: muulize mjomba ni nani aliyekuwa bingwa mwaka 1967, aone kama atakumbuka kwamba ilikuwa Cosmopolitan, timu nyingine kabisa ya Dar es Salaam. Kisha muulize juu ya tarehe 1 Juni 1968, atakuambia papo hapo kwamba Yanga ilishinda 5-0. Na wewe mwenyewe huhitaji kukumbushwa tarehe 19 Julai 1977, siku ya 6-0, wala Mei 2012, siku ya 5-0. Kama ambavyo mjomba hatakuruhusu uisahau Novemba 2023, siku ya 5-1. Makombe ya miaka hiyo wengi hawawezi kuyataja kwa mpangilio, lakini idadi ya mabao aliyofungwa jirani haisahauliki.

Kuhusu wenyeji na Waarabu, mazungumzo hayo ni ya zamani na yana chembe ya ukweli, kwa maana kwamba Sunderland ilikuwa na wanachama na wafadhili wenye asili ya Kiarabu waliojulikana sana mjini. Lakini kuigeuza chembe hiyo kuwa historia nzima ni kuwadhulumu Waafrika waliojaa katika klabu zote mbili tangu mwanzo. Mgawanyiko wa rangi au kabila haumalizi maelezo, kwa sababu Yanga yenyewe ilipasuka katikati ya miaka ya 1970, wachezaji wakaondoka na kuunda Pan African, ambayo ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Na mpasuko huo haukuwa wa wenyeji na wageni, ulikuwa wa watu wa klabu moja waliotofautiana juu ya uongozi na mwelekeo wa timu. Naomba wewe na mjomba muache kabisa hoja ya asili za watu, kwa kuwa utani wa mpira unavumilika kwa kuwa kila mtu anaweza kucheka na kesho akachekwa, ilhali mtu hawezi kujibu lolote juu ya alikozaliwa babu yake.

Swali: Mimi ni Mluhya wa Kakamega na mke wangu ni Mjaluo wa Siaya. Tunaishi Nairobi, na siku AFC Leopards inapocheza na Gor Mahia nyumba yetu huwa haina amani. Pambano hili lilianzaje, na watoto wetu wafuate upande gani? *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Nyumba yenu ndiyo hasa iliyolipa pambano hilo jina la dabi ya mashemeji, kwa kuwa ndoa baina ya Waluhya na Wajaluo ni nyingi sana huko magharibi mwa Kenya na Nairobi kwenyewe.

Abaluhya United iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu ndogo ndogo za koo na maeneo ya Waluhya, na Gor Mahia ikaundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, ikachukua jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Wajaluo. Ni vyema kuelewa kwa nini timu za namna hiyo zilizaliwa mjini badala ya kijijini. Mtu aliyetoka Nyanza au Magharibi kuja kufanya kazi Nairobi, katika reli, viwandani au nyumbani mwa watu, alifikia kwa ndugu katika mitaa kama Kaloleni na Makongeni. Vyama vya watu wa nyumbani vilimsaidia akiugua, vilimsafirisha akifa, na siku ya Jumapili vilimpeleka uwanjani. Mpira ulikuwa sehemu ya kutunzana. Ndiyo sababu ushindi wa timu ulionekana kama ushindi wa watu waliochanga nauli ya maiti pamoja.

Mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na timu, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ikabaki na jina lake. Kwa bahati njema amri hiyo haikuvuruga kiwango cha mpira, kwa kuwa ushindani wa timu hizo mbili wakati huo ulikuwa umefika kilele ambacho ukanda wetu haujakiona tena: kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati lilitwaliwa na Abaluhya mwaka 1979, na Gor Mahia mwaka 1980 na 1981, na AFC Leopards mwaka 1982, 1983 na 1984, kisha na Gor Mahia tena mwaka 1985. Miaka saba mfululizo kombe halikutoka nje ya mikono ya mashemeji hao. Tanzania, Uganda na Zanzibar tulikuwa watazamaji. Na mwaka 1987 Gor Mahia ilikwenda mbali zaidi ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela, kwa kutoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis na 1-1 Nairobi, ikashinda kwa faida ya mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara zima.

Siamini kwamba Gor Mahia ingefika huko bila kusukumwa kila mwaka na Ingwe, yaani AFC Leopards, na naamini mashabiki wa K'Ogalo, kama Gor Mahia inavyoitwa na wapenzi wake, wenye haki wanalikubali hilo. Sasa watoto wenu: wapelekeni uwanjani wote pamoja, wakae na yule wanayetaka kukaa naye, wachague wenyewe. Kitu kimoja tu ndicho ningeomba kisiruhusiwe nyumbani kwenu, nacho ni nyimbo zinazotukana kabila la mzazi mwingine, hata zikiimbwa kwa sauti nzuri na watu elfu.

Swali: Kwa nini Mlandege ilipotwaa Kombe la Mapinduzi mtaa mzima ulilia, ilhali klabu kubwa za Bara hulitwaa na kulisahau? *Msomaji, Mjini Magharibi, Unguja*

Jibu: Kombe la Mapinduzi huchezwa kila Januari kuadhimisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na tangu lilipoanza mwaka 2007 limekuwa likizialika timu kutoka Bara na nchi jirani. Miembeni ililitwaa mwaka 2009, kisha kwa miaka mingi likawa linavuka bahari: Azam, Simba, Yanga, Mtibwa Sugar, hata KCCA na URA za Uganda. Mlandege ilipolirudisha mwaka 2023, na mwaka 2024 ikalitetea kwa kuifunga Simba bao 1-0 katika fainali, ilikuwa imefanya jambo ambalo kijana wa miaka kumi Unguja hakuwahi kuliona.

Lakini sababu kubwa iko katika namna timu zenu zilivyokaa. Malindi, Miembeni, Kikwajuni, Mlandege: hizo ni timu, na hizo ni mitaa ambayo mtu anazaliwa, anaolewa na anazikwa kutoka humo. Kombe likienda Azam linaingia katika kabati la kampuni yenye uwanja na hosteli. Likienda Mlandege linapita mlangoni kwa bibi aliyekuwa akimfulia jezi mlinda mlango. Mwaka 2025 mashindano yalipofanywa ya timu za taifa, Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali kisiwani Pemba, na furaha ilikuwa ya visiwa vyote. Ile ya Mlandege ilikuwa ya mtaa, na ya mtaa huwa na machozi zaidi.

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya mashindano ya kata yetu. Zawadi ni mbuzi, jezi na kikombe kidogo. Mwaka jana fainali ilivunjika baada ya timu moja kushutumiwa kuleta mamluki, na mbuzi akafichwa hadi leo hatujui alikokwenda. Tufanye nini ili mwaka huu tusiaibike? *Msomaji, Morogoro Vijijini*

Jibu: Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa linahusu mpira unaochezwa na Watanzania wengi zaidi kuliko ule wa televisheni. Mashindano ya mbuzi na ng'ombe, kombe la diwani, kombe la mbunge, ndondo za Dar es Salaam zinazojaza viwanja vya vumbi hadi watu wanakaa juu ya kuta: huko ndiko vipaji vinakoonekana kwanza, na huko ndiko kata mbili hupimana nguvu bila kuumizana, mambo yakienda vizuri. Tusidharau mbuzi. Tukuyu Stars, ya Rungwe mkoani Mbeya, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1986 ikiwa imepanda daraja msimu huo huo, na timu kama hiyo haiwezekani mahali ambapo watu hawajawahi kugombea kwa dhati kitu chochote kati yao wenyewe.

Anza na mamluki, kwa sababu huo ndio ugonjwa wenyewe. Kila timu ilete orodha ya wachezaji wasiozidi 20, yenye picha, na barua ya mwenyekiti wa kijiji au wa serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba ni wakazi. Mkiamua kuruhusu wageni, ruhusuni wawili kwa kila timu na mlitamke hilo waziwazi, maana kukataza jambo ambalo kila mtu anajua litafanyika ni kuialika fujo. Orodha zikishafungwa, zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata ili kila mtu azisome. Mashabiki wa upande wa pili watafanya kazi ya ukaguzi kuliko kamati yoyote. Rufaa ziwasilishwe kwa maandishi kabla ya saa 24 kupita, pamoja na ada ambayo mlalamikaji atarudishiwa akishinda, na baada ya saa hizo matokeo yasiguswe tena. Nimeona kata ambako malalamiko ya robo fainali yalitolewa siku ya fainali, na hapo hakuna mwamuzi anayeweza kuokoa kitu.

Waamuzi waombeni chama cha mpira cha wilaya, muwalipe nauli na posho kabla ya mchezo kuanza badala ya baada ya kumalizika, ili asiwepo wa kudai kwamba walilipwa kufuatana na matokeo. Fainali ianze saa tisa na nusu alasiri, si saa kumi na moja, ili penalti zisipigwe gizani. Mashabiki wa timu mbili wakae pande mbili za uwanja, na katikati ya goli na umati iwekwe kamba. Mstari wa majivu peke yake hauzuii mtu bao linapofungwa dakika za mwisho.

Mbuzi naye anahitaji utaratibu. Asikae kwa kiongozi wa timu wala kwa mjumbe wa kamati mwenye mtoto anayecheza. Akae kwa mtu anayekubaliwa na pande zote, na siku ya fainali aletwe uwanjani mapema, afungwe kamba chini ya mti ambapo kila mtu anamwona, akitafuna majani yake kwa utulivu wakati watu wanambishania. Mshindi amchukue akiwa hai, na uamuzi wa kumchinja uwe wake. Wapo wanaopendekeza achinjwe pale pale aliwe na timu zote mbili. Mimi nalipinga pendekezo hilo, kwa kuwa aliyeshinda ana haki ya kwenda naye kijijini akiimbiwa, na ukimnyima safari hiyo umemnyima nusu ya zawadi. Aliyeshindwa mpeni jezi au mipira, kitu kitakachomfanya arudi mwakani.

Kuhusu kikombe, msinunue kipya kila mwaka. Tafuteni kimoja kizuri kuliko uwezo wenu wa kawaida, kiwekwe juu ya kitako cha mninga, na kila mwaka kibandikwe kibao kidogo cha shaba chenye mwaka, jina la bingwa na matokeo ya fainali. Kiwe cha kupokezana. Mkipenda, timu itakayokishinda mara tatu ikichukue moja kwa moja, kama Brazili ilivyochukua Kombe la Jules Rimet mwaka 1970, Ghana ilivyochukua lile la kwanza la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, na Kameruni lililofuata mwaka 2000. Ila mjue kwamba siku hiyo itafika na mtalazimika kuchangishana tena, kwa hiyo iandikeni kanuni hiyo tangu sasa, pamoja na anayewajibika kikipotea. Lile la Brazili liliibwa Rio de Janeiro mwaka 1983.

Jambo la mwisho kwenu: barua yako haikutaja netiboli hata mara moja. Shule zetu hupeleka wasichana katika UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, wakacheza netiboli vizuri sana, kisha wakirudi kijijini hawapati hata kikombe cha bati. Ongezeni mashindano yao, na zawadi yao iwe mbuzi wa kimo kile kile.

Swali: Baba yetu alikuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka mingi. Amefariki, na katika kabati lake tumekuta vikombe vinne na ngao moja. Wachezaji wa zamani wanavidai. Kaka yangu anasema ni urithi. Timu yenyewe haipo tena. Ni vya nani? *Msomaji, Tabora*

Jibu: Poleni kwa msiba. Vikombe hivyo si vya mirathi. Baba yenu alivishika kwa niaba ya watu, na kwamba vimekutwa salama ni ushahidi wa uaminifu wake ambao familia inapaswa kujivunia. Laiti kila timu iliyokufa ingekuwa na katibu wa namna hiyo, maana katika miji mingi vikombe vya zamani vimeishia kuwa vya kuwekea kalamu au vimeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kwa upande wa sheria, klabu za michezo Tanzania husajiliwa kwa msajili aliye chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967, na klabu iliyosajiliwa huwa na katiba. Tafuteni katika makaratasi ya marehemu kama katiba hiyo ipo, kwa kuwa huenda imeeleza mali iende wapi klabu ikivunjika. Isipokuwepo, nendeni kwa ofisa michezo wa manispaa mkamweleze, kisha itisheni mkutano mdogo wa wachezaji wa zamani mnaowafahamu, ikiwezekana pamoja na wazee wa ile timu waliyokuwa wakishindana nayo.

Msiwaache wapinzani nje. Wao ndio watakaojua kikombe kipi kilipatikana mwaka gani, kwa sababu aliyefungwa hukumbuka zaidi. Kabla ya mkutano, safisheni kila kimoja kwa kitambaa laini bila kutumia mchanga wala majivu, ambayo hula maandishi, kisha kipigeni picha pande zote na mnakili kila neno lililochongwa, hata lililofutika nusu. Kwenye mkutano kaeni na daftari, na kila anayekumbuka jambo aandikiwe: uwanja, wafungaji, nani alitoa kombe, nani alilipokea mkono kwa mkono.

Mahali pa kuviweka pazuri ni pale ambapo watoto wa mtaa watavipita kila siku, kama vile shule ya msingi iliyo karibu au ofisi ya kata, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli na funguo mbili, moja kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa familia yenu. Makabidhiano yaandikwe na kusainiwa na mashahidi, na karatasi moja ibaki kwenu. Kaka yako mwambieni kwamba ombi moja la familia ni la haki kabisa na hakuna atakayelikataa: kwenye mlango wa kabati hilo liandikwe jina la baba, na miaka aliyokuwa katibu.